Mauaji ya albino Kanda ya Ziwa: Waliokata wahukumiwa, walionunua hawaonekani

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

AGOSTI 2010, mahakama jijini Mwanza ilimhukumu raia mmoja wa Kenya kifungo cha miaka 17 jela kwa kosa la kumsafirisha kijana mwenye ualbino kutoka nchini kwao hadi Mwanza, kwa nia ya kumuuza akiwa hai. Kijana huyo wa miaka 20 alikuwa ameambiwa kwamba anapelekwa kwenye kazi. Bei aliyowekewa ilizidi Sh400 milioni.

Biashara hiyo iliharibika kwa sababu moja tu. Wateja waliojitokeza na kukubaliana bei walikuwa polisi waliojifanya wafanyabiashara.

Jeshi la Polisi lilipongezwa, na lilistahili. Hata hivyo, kesi hiyo iliacha swali ambalo halijapata jibu mpaka leo. Muuzaji alikuwa wa kweli, na aliyekuwa akiuzwa alikuwa binadamu wa kweli. Mnunuzi peke yake ndiye aliyekuwa wa kuigiza. Katika matukio mengine, yale ambayo mtu alikatwa viungo akafa, mnunuzi hakuwa wa kuigiza. Alikuwapo, alikuwa na fedha, na aghalabu jina lake halikufika kizimbani.

Hapo ndipo penye fundo la mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa inayozunguka Ziwa Victoria. Tangu wimbi hilo lilipoanza kugonga vichwa vya habari miaka ya 2006 na 2007, dola imeonyesha kwamba inaweza kumkamata mwenye panga. Bado haijaonyesha kwamba inaweza kumfikia mwenye fedha.

Wimbi lilivyoanza

Itakumbukwa kuwa mwaka 2007 na 2008 taarifa zilifuatana kutoka Mwanza, Shinyanga, Mara na Kagera, wakati huo Geita ikiwa bado wilaya ndani ya Mkoa wa Mwanza. Watu walivamiwa usiku, wakakatwa mikono au miguu, na wavamizi wakatoweka na viungo hivyo. Hawakuiba ng'ombe wala fedha, na mara nyingi hawakuwa na ugomvi wowote na familia iliyovamiwa. Walichokuja kuchukua ni sehemu ya mwili wa mtu aliyezaliwa na ngozi isiyo na rangi.

Julai 2008, mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, alirusha habari iliyotokana na kuwaendea waganga akijifanya mteja. Waganga walimweleza bei bila kusitasita. Baada ya habari hiyo kutoka alitishiwa maisha na akalazimika kujificha. Baadaye aliongoza nchini shirika la kutetea watu wenye ualbino la Under The Same Sun, lililoanzishwa na Peter Ash, raia wa Canada ambaye naye ana ualbino.

Neno albino lilizoeleka magazetini miaka hiyo. Wahusika wenyewe wanapendelea kuitwa watu wenye ualbino, ili utu wao utangulie hali yao. Zeruzeru ni jina walilolikataa kabisa, kwa kuwa lilikuja na imani kwamba anayeitwa hivyo ni mzuka, kwamba hafi bali hutoweka.

Sayansi inaeleza jambo hili kwa urahisi. Ualbino hurithiwa. Baba na mama, hata wakiwa na ngozi nyeusi, wanaweza kubeba vinasaba vyake bila kujua, na wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kuzaa mtoto mwenye ualbino. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu mmoja kati ya 1,400, wakati Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Kwa hiyo watu hawa si viumbe adimu kwa Kanda ya Ziwa. Ni majirani, wanafunzi na wazazi wanaoonekana kila siku.

Kwa nini basi mauaji yalishamiri hapa na wakati ule? Wapo waliokimbilia kusema kwamba ni mila ya Wasukuma. Maelezo hayo ni mepesi mno. Wasukuma wameishi na watu wenye ualbino vizazi kwa vizazi bila soko la viungo vyao.

Watafiti Deborah Fahy Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington, katika makala ya kitaaluma waliyoichapisha mwaka 2010, walilihusisha jambo hilo na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Mchimbaji huacha shamba na ukoo wake, hukaa machimboni na watu asiowajua, na riziki yake hutegemea mwamba asioweza kuona ndani yake. Mmoja hupata utajiri kwa wiki moja, jirani yake hufukua mwaka mzima akatoka na vumbi. Katika mazingira hayo mganga huuza kitu ambacho benki wala afisa madini hana, yaani uhakika.

Mazingira hayohayo yapo ziwani. Minofu ya sangara ilianza kusafirishwa kwa wingi kutoka viwanda vya Mwanza miaka ya 1990, ikaleta mialoni fedha ambazo hazikuwahi kuonekana. Samaki walipoanza kupungua, mwenye mitumbwi na mwenye deni walibaki wakitafuta sababu. Dhahabu nayo, iliyokuwa ikiuzwa chini ya Dola 300 za Marekani kwa wakia mwaka 2001, ilivuka Dola 1,000 Machi 2008. Fedha ziliongezeka, na wasiwasi wa kuzikosa ukaongezeka pamoja nazo. Hiyo haimaanishi kwamba wachimbaji na wavuvi ni wauaji. Inamaanisha kwamba palipatikana watu wenye haja kubwa na waganga waliojua kuitumia haja hiyo.

Mnyororo wenye ncha mbili

Ukiyapitia matukio yaliyofika mahakamani, utaona mpangilio unaojirudia. Mwishoni yupo mkataji, kijana wa kijijini au wa kijiji cha jirani aliyeahidiwa fedha. Nyuma yake yupo mtu wa ndani anayejua mtoto analala wapi na mlango upi hauna komeo. Nyuma yao yupo dalali, kisha mganga, na nyuma ya mganga yupo mteja.

Mtu wa ndani ndiye anayeuma zaidi. Machi 2015, Mahakama Kuu jijini Mwanza iliwahukumu watu wanne kunyongwa hadi kufa kwa mauaji ya mwanamke mwenye ualbino wa Geita yaliyofanyika mwaka 2008. Mmoja wa wanne hao alikuwa mume wa marehemu.

Desemba 2014, mtoto wa kike wa miaka minne alinyakuliwa kutoka nyumbani kwao wilayani Kwimba, Mkoa wa Mwanza. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliokamatwa kwa mahojiano. Msako mkubwa uliofuata haukumrejesha mtoto. Februari 2015, haijatimia miezi miwili, mtoto wa kiume wa takriban mwaka mmoja alichukuliwa kwa nguvu wilayani Chato, Mkoa wa Geita. Mama yake alipigana kumtetea, akajeruhiwa vibaya na kulazwa Hospitali ya Bugando. Mwili wa mtoto ulipatikana siku chache baadaye, bila mikono na miguu.

Kinachowasukuma watu wa namna hiyo ni bei. Ripoti ya Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, iliyotolewa Novemba 2009, ilitaja kwamba viungo vya mtu mmoja vikikamilika vinaweza kufikia Dola 75,000 za Marekani. Mkulima wa pamba au mvuvi wa dagaa hana fedha hizo. Mchimbaji mdogo wa kawaida hana. Kiasi hicho kinaelekeza kidole kwa mtu mwenye biashara, mali au cheo.

Soko hilo halikuishia mpakani. Julai 2009, mahakama ya Ruyigi, mashariki mwa Burundi, iliwatia hatiani watu kadhaa kwa mauaji ya watu wenye ualbino, na upande wa mashtaka ulieleza kwamba viungo vilikuwa vikivushwa kuja Tanzania. Mwaka uliofuata ndipo yule kijana wa Kenya alipoletwa Mwanza. Kwa maneno mengine, hata wahalifu wa nchi jirani walijua wateja wako wapi. Ni vigumu kueleza kwa nini wapelelezi wa hapa wameshindwa kulijua jambo hilohilo.

Serikali ilivyojibu

Si kweli kwamba Serikali ilikaa kimya. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mwanamke wa kwanza mwenye ualbino kuingia katika Bunge la Tanzania. Ulikuwa ujumbe wa kisiasa uliosomeka vizuri.

Januari 2009, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi nchini. Akiwa ziarani alitamka kwamba anayekutwa akiua albino naye auawe. Kauli hiyo ilizua mjadala mkali, kwa kuwa kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni alionekana kuhalalisha watu kujichukulia sheria mkononi. Alipotakiwa kuifafanua mbele ya Bunge, Pinda alitokwa na machozi. Wengi walimhurumia. Machozi yale yalionyesha uchungu wa kweli, na pia yalionyesha kwamba dola ilikuwa imefika mahali ambapo kiongozi wake anawaza kisasi badala ya upelelezi.

Machi 2009 zikafuata kura za siri, ambapo wananchi waliandika majina ya waliowashuku kuhusika na mauaji ya albino na uhalifu mwingine, kisha masanduku yakakabidhiwa vyombo vya dola. Nia ilikuwa njema, maana mwanakijiji anayeogopa kusema hadharani alipewa karatasi. Lakini karatasi yenye jina si ushahidi. Inaweza kubeba ukweli, na inaweza kubeba wivu, deni au mgogoro wa shamba. Katika eneo ambalo vikongwe waliuawa kwa miaka mingi kwa kutuhumiwa uchawi, baadhi yao kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kutokana na moshi wa kupikia, tahadhari hiyo haikuwa ndogo.

Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama ilitoa hukumu ya kwanza ya wimbi hilo. Watu watatu walihukumiwa kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wilayani Bukombe. Julai 2010, Mahakama Kuu jijini Mwanza ilitoa adhabu hiyohiyo kwa mtu aliyemuua msichana wa miaka mitano wilayani Misungwi mwaka 2008.

Hukumu zilikuwa chache kuliko makaburi. Kufikia mwaka 2015, waliouawa nchini tangu mwaka 2000 walihesabiwa kuwa zaidi ya 70, na kesi zilizoishia kwa kutiwa hatiani hazikufikia hata robo ya idadi hiyo. Sababu zinajulikana. Uvamizi hufanyika usiku, kwenye nyumba isiyo na umeme. Watu wenye ualbino huwa na uoni hafifu, hivyo manusura anaposema alimtambua mvamizi, wakili wa utetezi huanzia hapohapo. Shahidi mwingine mara nyingi ni ndugu wa mshtakiwa, na baada ya kutoa ushahidi anarudi kulala katika kijiji kilekile.

Hata adhabu ya kifo iliyotamkwa haikuwa na uzito ulioonekana. Tanzania haijamnyonga mfungwa tangu katikati ya miaka ya 1990. Wapo wanaotaka kitanzi kirudi kwa ajili ya wauaji hawa. Hoja hiyo ina mvuto kwa mwenye uchungu, lakini haigusi kiini cha tatizo. Mkataji akinyongwa, dalali hutafuta kijana mwingine. Na mfungwa aliyekwisha kunyongwa hawezi tena kusema nani alimtuma.

Mwaka 2015, mauaji yalipoibuka upya kuelekea Uchaguzi Mkuu, Waziri wa Mambo ya Ndani Mathias Chikawe alitangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli, na waganga zaidi ya 200 wakakamatwa katika msako. Msomaji atatambua kwamba hatua hiyo ilifanana na ile ya mwaka 2009. Jambo likipigwa marufuku mara mbili katika miaka sita, maana yake marufuku ya kwanza haikudumu.

Rangi ya ngozi kama hukumu

Dunia imezoea kuita ubaguzi wa rangi pale mtu mwenye bunduki anapowafyatulia risasi watu wa rangi au asili asiyoipenda. Machi 15, 2019, mtu mmoja aliwaua waumini 51 katika misikiti miwili mjini Christchurch, New Zealand, wengi wao wahamiaji na wakimbizi. Mei 14, 2022, kijana aliyekuwa ameyasoma maandishi ya mtu huyo aliwaua watu weusi 10 katika duka la vyakula mjini Buffalo, Marekani.

Zipo tofauti za wazi kati ya matukio hayo na ya Kanda ya Ziwa. Muuaji wa Christchurch aliandika chuki yake na kuisambaza. Muuaji wa Misungwi au Chato haandiki kitu. Akiulizwa atasema hana chuki na albino hata kidogo, alihitaji fedha. Kule watu wengi walikufa kwa dakika chache na dunia nzima ikasimama. Hapa walikufa mmoja mmoja, kijiji hiki leo na kile mwezi ujao, kwa miaka, hata taifa likazoea.

Lakini msingi ni mmoja. Katika matukio yote, mtu aliuawa kwa sababu ya ngozi aliyozaliwa nayo, na muuaji alikwisha kumtoa katika hesabu ya binadamu kabla ya kumgusa. Bila imani kwamba zeruzeru si mtu kamili, mkono wake usingekuwa na bei. Ubaguzi ndio uliotengeneza bidhaa, na soko likafuata.

Lipo pia la kujifunza katika yaliyofuata baada ya mauaji. New Zealand haikutosheka na kumfunga mhusika maisha. Ilipitisha sheria ya kupiga marufuku aina ya bunduki aliyotumia kabla ya mwezi mmoja kupita. Kisha iliunda tume iliyochunguza aliwezaje kujiandaa bila vyombo vya usalama kumwona, na taarifa yake ya mwaka 2020 ikatoa mapendekezo 44. Walijiuliza kilichomwezesha muuaji, si jina lake tu.

Tanzania haiwezi kupiga marufuku panga. Kila nyumba inalo, la kukatia kuni na majani ya ng'ombe. Kinachowezesha mauaji ya hapa ni fedha ya mteja na neno la mganga. Ndivyo vinavyopaswa kuandamwa kwa ukali uleule ambao nchi nyingine imeuelekeza kwenye bunduki.

Waliobaki hai

Gharama ya uhalifu huu haipimwi kwa idadi ya waliokufa peke yake. Vipo vijiji ambako familia zilizika wapendwa wao ndani ya nyumba, au zikamwaga zege juu ya kaburi, kwa kuhofia wafukuaji. Mtu anayelazimika kulinda kaburi la mtoto wake hawezi kuambiwa kwamba msiba umekwisha.

Watoto wengi walikimbiziwa kwenye shule na vituo vyenye ulinzi, kama Mitindo wilayani Misungwi, Buhangija mjini Shinyanga na Kabanga wilayani Kasulu. Uamuzi huo uliokoa maisha. Lakini kituo kilichokusudiwa kuwa kimbilio la muda kiligeuka kuwa makazi ya miaka. Watoto walikua bila kujua lugha ya nyumbani kwao vizuri, bila kumjua shangazi wala mjomba, na wazazi wengine hawakurudi kuwaona tena. Ikponwosa Ero, mtaalamu huru wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ualbino, alizuru Tanzania Julai 2017. Alikiri kwamba taarifa za mashambulizi zilikuwa zimepungua, na pia akasisitiza kwamba chanzo cha mashambulizi hayo hakijaondoka.

Yupo pia adui mwingine asiyeandikwa sana. Jua la kandokando ya ziwa humchoma mtu asiye na rangi ya kumkinga, na saratani ya ngozi huwaua watu wenye ualbino wakiwa na umri mdogo. Mvuvi mwenye ualbino wa Ukerewe anahitaji kofia pana, shati la mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua kila siku ya maisha yake. Taifa lililomwaga machozi kwa ajili ya waliokatwa mapanga halijawahi kuonyesha uchungu kama huo kwa wanaokufa taratibu kwa kukosa chupa ya mafuta.

Mafanikio yapo, na ni haki kuyataja. Mwaka 2010 Salum Barwany alichaguliwa kwa kura kuwa Mbunge wa Lindi Mjini, na Desemba 2015 Rais John Magufuli alimteua Dk. Abdallah Possi kuwa Naibu Waziri, kabla ya kumpeleka ubalozi nchini Ujerumani. Mtoto aliyemwona mtu wa namna hiyo akihutubia hadhara hawezi kuaminishwa kirahisi kwamba ni mzuka.

Muleba na somo lililorudiwa

Waliodhani ukurasa umefungwa waliamshwa mwaka 2024. Mei 30 mwaka huo, mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa kutoka kwa mama yake wilayani Muleba, Mkoa wa Kagera, kandokando ya ziwa lilelile. Juni 17 mwili wake ulipatikana ukiwa ndani ya mfuko, baadhi ya viungo vikiwa vimeondolewa. Watu tisa walifikishwa mahakamani mwezi huohuo, baba mzazi wa mtoto na padre mmoja wakiwa miongoni mwao. Walifikishwa hapo wakiwa watuhumiwa, na kuwatia hatiani au kuwaachia huru ni kazi ya mahakama.

Lakini sura ya tukio haikuwa ngeni kwa yeyote aliyeishi Kanda ya Ziwa mwaka 2008 au 2015. Tuhuma ziliangukia tena watu wa ndani ya nyumba na watu wanaoaminiwa na jamii. Ni wazi kwamba karibu miaka 15 ya kuwahukumu wakataji haikulivunja soko.

Februari 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitamka kwamba Tanzania ilikiuka haki za watu wenye ualbino, ikiwamo haki ya kuishi. Shauri hilo lilifunguliwa na mashirika ya haki za binadamu, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikiwa mmojawapo. Uzito wake uko hapa: si muuaji peke yake anayewajibika mtu anapouawa kwa namna inayotabirika. Dola inayojua hatari na isifanye vya kutosha nayo ina deni.

Deni hilo halihitaji sheria mpya nyingi ili lilipwe. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ipo tangu 2008. Ya kudhibiti fedha haramu ipo tangu 2006. Ya tiba asili na tiba mbadala, inayotaka mganga asajiliwe na ajulikane anafanya nini, ni ya 2002. Ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ilipitishwa 2015. Ile ya uchawi, iliyorithiwa kwa mkoloni tangu 1928, nayo bado ipo. Zikitumika kwa pamoja, zinatosha kumfuata mteja hadi mlangoni kwake.

Kinachotakiwa ni kubadili swali la kwanza la upelelezi. Badala ya kuanza na nani alikata na kuishia hapo, mpelelezi aulize nani aliahidi fedha, ziliahidiwa kupitia nani, zilitoka wapi. Siku hizi ahadi nyingi hupita kwenye simu, na malipo mengi hupita kwenye simu pia. Mkataji aliyekamatwa akiwa bado hai ni shahidi mwenye thamani kuliko maiti yake, iwapo upande wa mashtaka utakuwa tayari kumbana aseme na kumlinda akishasema. Mwaka 2010 polisi wa Mwanza walijua namna ya kujifanya wanunuzi ili kumnasa muuzaji. Mbinu hiyohiyo inaweza kugeuzwa ili kumnasa mnunuzi.

Kazi iliyobaki si ya polisi. Ni ya mwalimu anayeeleza vinasaba darasani, mkunga anayemweleza mama aliyejifungua kwamba mtoto wake si laana na mumewe hana sababu ya kumkimbia, shehe na mchungaji wanaokemea ramli bila kuzunguka, na mwenye machimbo anayekataa kulipa mganga kabla ya kulipa vibarua. Viungo vya binadamu havijawahi kumpa mtu dhahabu wala sangara. Kila aliyenunua alitapeliwa, na mtu asiye na hatia akafa kwa ajili ya utapeli huo.

Mpaka siku mnunuzi mmoja mwenye jina, biashara na heshima mjini atakapopandishwa kizimbani na kesi yake kufika mwisho, kila mkutano wa kulaani mauaji haya utabaki kuwa ahadi. Na mama mwenye mtoto mwenye ualbino, iwe Kwimba, Chato, Muleba au Ukerewe, ataendelea kufunga mlango kabla jua halijazama.